Gugu Lililosubiri Mgeni Rasmi

Jamhuri ya Tunawiri haimo katika ramani yoyote, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi yenye amani, mito na milima, na pia ina Wizara ya Mimea, Maadili na Mapokezi, ambayo kazi yake, kwa mujibu wa bango lililo langoni, ni kuhakikisha kila kinachoota kinaota kwa utaratibu. Nchi nyingine zina wizara ya kilimo tu. Watu wa Tunawiri huzionea huruma nchi hizo.

Katika jamhuri hiyo hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi. Kisima kikichimbwa, maji hayatekwi mpaka mgeni rasmi aje anywe bilauri ya kwanza, hata kama kijiji kizima kimekaukwa makoo. Daraja likijengwa, watu huendelea kuvuka mtoni wakiwa wamekunja nguo, huku daraja lao liko pale juu limefungwa utepe mwekundu. Kuna choo cha shule kule kaskazini kilichosubiri kuzinduliwa muhula mzima. Watoto wakafundishwa uvumilivu, na somo lenyewe likawafaa sana wazazi wao pia.

Basi humo aliishi mwanamke mmoja, Bi Siwema, mkulima wa Bonde la Mtungule. Alikuwa na shamba la maharage kando ya kijito, udongo mweusi tii, aliloachiwa na mama yake. Shamba lilikuwa dogo, lakini lilimlisha, na sasa lilimlisha na dada yake pia. Dada huyo, Havijawa, naye aliwahi kuwa na shamba lake katika wilaya ya jirani, kabla halijaingia gugu ambalo wananchi wameliita shemeji. Waliliita hivyo kwa sababu lilikuja kama mtu aliyekuja kusalimia tu, likakaa, likala, na kila ulipofikiri sasa linaondoka, likachanua. Lilimaliza mahindi ya Havijawa, likamaliza malisho ya mbuzi wake, likaota mpaka mlangoni. Siku hiyo Havijawa alijitwika mzigo wake akaja kwa mdogo wake akiwa amebaki na jembe moja na ulimi. Jembe lilikuwa butu.

Kwa hiyo Wizara ilipotangaza mafunzo ya Wajitolea wa Jicho la Kwanza, watu watakaofundishwa kuliona gugu mapema na kuliripoti kabla halijasambaa, Siwema alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alilihofia shamba lake kwa dhati. Tena, tusimsingizie wala tusimfiche, aliipenda ile kofia ya kijani waliyoahidiwa.

*

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa wilaya chini ya Mratibu, Bwana Anselmi Kipaza, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia uwanja hata alipokuwa akiomba chumvi. Siku ya kwanza walimsubiri mgeni rasmi wa kuyafungua mafunzo. Siku ya pili akaja mwakilishi wake, akayafungua, akanywa chai, na kwa kuwa alikuwa na safari ndefu akayafunga papo hapo. Yaliyobaki, alieleza Bwana Kipaza, kisheria hayakuwa mafunzo tena bali maongezi, lakini wajitolea walikaribishwa kuyasikiliza.

Akatundika ukutani picha ya gugu. Ilikuwa picha kubwa ya rangi, na ndani yake alisimama Mheshimiwa Waziri mwenyewe mbele ya gugu, akiwa ametabasamu. Kwa bahati mbaya Mheshimiwa ana kifua kipana, kwa hiyo la gugu lilionekana jani moja tu, begani kushoto.

"Mlitazame vizuri," alisema Bwana Kipaza. "Mkiona jani kama hili, msifanye mchezo."

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Ndugu Mratibu, na likiwa peke yake, bila Mheshimiwa, tutalijuaje?"

"Swali zuri sana," alisema Bwana Kipaza, akaendelea na jambo lingine.

Jambo lenyewe lilikuwa kanuni, na kanuni zilikuwa fupi. Kuona ni kazi ya mjitolea. Kuripoti ni kazi ya mjitolea. Kung'oa ni kazi ya Serikali. Tena gugu la kwanza kuonekana katika wilaya yoyote litang'olewa na mgeni rasmi kwa mkono wake, ndipo kampeni ya wilaya hiyo iwe imezinduliwa.

Siwema akasimama. "Samahani, ndugu Mratibu. Nikilikuta changa kabisa, kama kidole, si nilivute tu, kisha nije kuwaambia nimelivuta?"

Bwana Kipaza akamtazama kwa masikitiko ya mzazi.

"Mama yangu, ukishaling'oa, sisi tutazindua nini?"

Siwema akaona haya, akaketi. Alipotoka pale alikuwa na kofia, fulana yenye sura ya Waziri kifuani, na hakika kwamba yeye ni jicho la taifa. Njiani alitembea polepole ili wanaopalilia wapate nafasi ya kumuona.

*

Mvua za kwanza zilipopita, Siwema akaliona. Lilikuwa limeota kwenye tuta la mwisho, upande wa kijito, na majani mawili matatu yenye manyoya. Alilitambua si kwa ile picha bali kwa jinsi dada yake alivyolia alipoliona.

"Ndilo," alisema Havijawa, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Ndilo hilo lililonitoa kwangu. Ling'oe."

"Ngoja, dada."

"Ningoje nini? Halijashika hata ardhi. Vuta kwa vidole viwili tuendelee kupalilia."

"Dada, mimi ni mjitolea. Kuna taratibu. Isitoshe ni la kwanza wilaya nzima! Unajua maana yake? Jina langu litasomwa."

"Lilisomwa la kwangu pia," alisema Havijawa, "kwenye orodha ya waliopoteza mashamba. Siwema, mdogo wangu, mwana wa mama yangu, nakuomba. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Lakini Siwema alikuwa ameshavaa kofia. Alikwenda wilayani karibu anakimbia, na moyoni alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu alipokuwa bibi harusi.

Bwana Kipaza alikuja na gari na watu wake. Alipoliona gugu, alivua kofia. Akainama, akalitazama mbele na nyuma, na alipoinuka machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Bi Siwema," alisema, "wilaya hii haijawahi kuwa ya kwanza kwa chochote. Hata kwenye kipindupindu tulitanguliwa. Leo umetutoa kimasomaso."

Siku hiyohiyo likajengewa uzio wa mianzi. Bango likasimikwa: GUGU LA KWANZA LA WILAYA. USIGUSE. Akaletwa mgambo wa kulilinda, Bwana Tindwa, kijibaba kirefu chenye rungu na njaa isiyokwisha, ambaye chakula chake, ilielezwa, kingetoka kwa mwenye shamba kama mchango wa uzalendo.

Jua lilipokuwa kali, gugu likalegea kidogo. Bwana Kipaza akaja mbio na turubai la kulifunika, akaagiza linyweshwe asubuhi na jioni.

"Mnalinywesha gugu?" aliuliza Havijawa.

"Mama, Mheshimiwa hawezi kung'oa kitu kinyonge. Dunia itasema Serikali inaonea."

Basi Siwema akawa anateka maji kijitoni na kulipelekea gugu kwanza, kisha maharage yanapata kilichobaki ndooni. Likawekewa na samadi. Maharage yaliyokuwa jirani nalo yakaanza kugeuka manjano, na Bwana Kipaza akasema ni wivu.

*

Mgeni rasmi hakuja. Kwanza alikuwa safarini ughaibuni, akiwaeleza walimwengu jinsi Tunawiri inavyoyaona magugu mapema. Aliporudi alikuwa na mapumziko, na baada ya mapumziko akawa na uzinduzi wa ripoti ya safari. Gugu nalo halikumsubiri limekaa. Lilifika gotini, likafika kiunoni, likamfika Siwema begani, na asubuhi moja likatoa vitumba vya zambarau.

"Hivyo vikichanua, ni pamba," alisema Havijawa. "Pamba hiyo ikiruka, hukamati hata moja. Mimi nilisimama nikaitazama ikiruka, nikasema ni nzuri. Mungu anisamehe."

Siwema akaenda tena wilayani. Utamu wa mara ya kwanza haukuwepo tena; alikuwa na hofu tupu, na kofia aliiacha nyumbani.

"Linataka kuchanua, ndugu Mratibu. Likipeperusha mbegu shamba langu limekwisha. Bonde zima limekwisha."

"Limechanua?" Bwana Kipaza akafurahi. "Hiyo itapendeza sana kwenye picha."

"Sina shamba jingine, ndugu yangu. Mimi na dada yangu tunakula hapo hapo."

Bwana Kipaza akaweka mkono juu ya meza, taratibu. "Bi Siwema, shamba ni la kwako peke yako. Uzinduzi ni wa taifa zima. Hebu pima mwenyewe."

Siwema akapima njia nzima. Alipofika shambani akampita Bwana Tindwa aliyekuwa ameinamia sahani ya maharage, akaruka uzio, akalishika gugu kwa mikono miwili. Halikutoka. Mzizi ambao ungetoka kwa vidole viwili sasa ulikuwa umeshuka hadi kusikojulikana. Havijawa akaja akamshika mdogo wake kiunoni, wakavuta pamoja, wakavuta tena, hatimaye likatoka na wote wawili wakaanguka chali.

Bwana Tindwa akasimama na sahani yake. "Sasa mimi nitalinda nini?" aliuliza, kwa huzuni ya kweli.

Walilichoma jikoni chini ya chungu. Maharage yaliiva haraka, na Bwana Tindwa akapewa ya kumtuliza. Siwema aliona aibu kwa maji yote aliyolimwagia, lakini kifua chake kilikuwa chepesi. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Jamhuri ya Tunawiri ilikuwa imelishinda gugu. Wizara ilipopata habari, ilichukulia jambo hilo kuwa ni maafa.

*

Bwana Kipaza alifika akiwa anahema. "Mheshimiwa amethibitisha! Anakuja Jumamosi! Anakuja kung'oa gugu, na gugu hakuna! Nimwambie ang'oe nini, bendera?"

Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikala, ikatoa uamuzi: kwa kuwa wilaya haina gugu, na kwa kuwa kampeni ya kutokomeza gugu haiwezi kuzinduliwa bila gugu, basi gugu liagizwe. Lori likatumwa wilaya ya jirani, ambako shemeji alikuwa tele. Na kwa kuwa gugu moja lingeonekana dogo kwenye televisheni, wakaleta lori zima, magugu yenye maua na pamba tayari, kila moja na udongo wake kwenye gunia ili lisipate mshtuko.

Wajitolea wa Jicho la Kwanza wakaitwa kuchagua yaliyo mazuri. Hapo ndipo mafunzo yalipozaa matunda, maana hakuna aliyekosea hata moja.

Pa kuyapanda palikuwa pameshaamuliwa. "Maharage yatapisha kwa muda tu," alisema Bwana Kipaza, na vijana wakaanza kuyang'oa, tuta baada ya tuta, yakiwa na maua. Siwema alijitupa chini akashika miguu ya Bwana Kipaza.

"Nakuomba kwa jina la mama yako. Weka popote. Weka barabarani. Si hapa."

"Inuka, mama, watu wanatazama. Kwa kosa ulilofanya ungekuwa ndani. Badala yake tumekupa heshima, shamba lako ndilo jukwaa. Sema asante."

Havijawa alikuwa amesimama kando ya lori, akiyatazama magugu yakishushwa. Akalisogelea moja akaligusa jani.

"Haya yametoka kwangu," alisema. "Udongo huu mwekundu naujua, ni wa mlangoni pangu. Mimi nilikuja huku kwa miguu, Siwema. Yenyewe yameletwa kwa lori la Serikali."

*

Jumamosi ikafika na maturubai, viti vya plastiki na kwaya. Adhuhuri ilipopita, Mheshimiwa akashuka kwa helikopta kwenye uwanda ulio juu tu ya shamba. Alihutubia kirefu. Alisema magugu ni kama fikra mbaya, huingia bila hodi. Alisema Tunawiri haitalala, ingawa kwenye viti vya mbele wengine walikuwa wameshalala. Kisha akavaa glavu nyeupe, akalishika gugu ambalo mizizi yake vijana walikuwa wameikata tangu jana yake, akalinyanyua kwa mkono mmoja. Watu wakashangilia mpaka ndege wakahama.

Alipomaliza, akapanda helikopta yake. Mapanga yakaanza kuzunguka, na upepo wake ukalipiga shamba la Siwema. Pamba yote ikainuka kwa pamoja. Ikapaa juu ya maturubai, juu ya kwaya, juu ya kijito, ikaenda hadi ng'ambo ya bonde, nyeupe, nyingi, ikielea taratibu.

"Tazameni, ndugu wananchi!" alisema mshereheshaji. "Hata mbingu zinashangilia!"

Watu wakapiga vigelegele, wengine wakaikinga kwa viganja. Kisha pilau likatangazwa. Siwema akamfuata Bwana Kipaza kwenye foleni, akamuuliza kuhusu magugu yaliyobaki.

"Hayo ni awamu ya pili," alisema Bwana Kipaza akichagua nyama. "Ina mgeni rasmi wake."

Siwema na dada yake wakarudi shambani na kuyang'oa wenyewe. Hakuna aliyewakataza, kwa sababu uzinduzi ulikuwa umekwisha na wilayani hakuna aliyekumbuka tena shamba lilikuwa wapi. Waling'oa yaliyopandwa, wakang'oa na yaliyoota baada yake, kila siku iliyokuja, mpaka viganja vikatoka damu. Majirani waliwaonea huruma. Wao walikuwa watii, walivaa kofia zao, wakayaripoti magugu ya kwenye mashamba yao kila asubuhi na kusubiri awamu ya pili. Jirani wa karibu, Mama Ngalapa, aliripoti mpaka sauti ikamkauka, na gugu likamfunikia mihogo yote.

*

Msimu uliofuata Bonde la Mtungule lote lilikuwa zambarau. Wizara ikalitangaza kuwa bonde la mfano, maana hakuna mahali pengine ripoti zilikuwa nyingi kiasi kile. Katikati ya zambarau hiyo kulibaki kipande kimoja cha kijani: shamba la Siwema. Alikuwa amepanda tena mbegu alizozificha kwenye mtungi, na maharage yalikuwa yameitika, maganda yanabeba. Havijawa, ambaye hakucheka tangu ahame kwake, siku hizo alikuwa anaimba akipalilia.

Hapo Mama Ngalapa akaja na wajitolea wenzake. Walisimama mpakani, wakayatazama maharage kwa muda mrefu, wakanong'onezana.

"Bi Siwema," alisema Mama Ngalapa bila kumtazama machoni, "huu mmea wako haufanani na mingine bondeni humu. Bonde zima hakuna kama huu."

"Mama Ngalapa, ni maharage. Umeyala kwangu."

"Najua ni maharage, dada yangu. Lakini nimeshapiga simu."

Bwana Kipaza akaja, akapima kipande kwa macho, akampa Mama Ngalapa mkono. Wilaya, alisema, imefanya tena. Mmea wa kigeni umeonwa ukiwa bado kwenye shamba moja tu, kabla haujalifikia gugu la wananchi. Havijawa akamshukia kwa jembe, mgambo wakamzuia.

Safari hii hakukuwa na ughaibuni wala mapumziko. Mheshimiwa alifika kesho yake asubuhi, kabla hata viti havijapangwa. Siwema alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta la kwanza, wakamwinua kwa adabu, wakamsimamisha kando. Alilia kwa sauti, bila kuficha, kama mtu anayelia msibani.

"Mheshimiwa, hicho ni chakula! Ni chakula chetu!"

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Kipaza. "Mama anasemaje?"

"Anasema karibu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatabasamu, akainama, akashika shina la kwanza. Maharage hayana mzizi wa kugombana na mtu. Likatoka mara moja, laini, maganda mabichi yakining'inia, na Mheshimiwa akaliinua juu ili watu wote walione.

"Mmeona?" alisema. "Likiwahiwa mapema, wala halisumbui."